Damu ya Mkulima Inasema Nini? Kupima Sumu Iliyokwisha Kuingia Mwilini



Ndugu wasomaji, siku za soko magari ya mboga hushuka kutoka Wundanyi kabla jua halijapanda, yakapita Mwatate na kuingia hapa kwetu Voi. Kabichi, nyanya, spinachi na pilipili hoho hushushwa. Nyingine hubaki, nyingine huendelea na safari hadi Mombasa. Sisi wanunuzi huuliza bei, tukabonyeza nyanya kujua ugumu wake, tukaridhika kwamba jani la kabichi halikutobolewa na wadudu. Ni nadra kuuliza kwa nini halikutobolewa, na ni nadra zaidi kuuliza hali ya yule aliyelilinda jani hilo akiwa na bomba mgongoni.

Mmoja wa jamaa zetu alikuwa mtu wa bomba. Alifanya vibarua vya kunyunyiza dawa katika mashamba ya milimani, akilipwa kwa siku. Jioni alirudi kichwa kikimgonga, macho yakiona ukungu, na mate yakimjaa kinywani bila sababu. Mara tatu alikwenda kutibiwa, na mara tatu alirudi na vidonge vya malaria. Hakuna aliyemwuliza anafanya kazi gani. Naye hakuitaja kazi yake, kwani hakuona inahusiana vipi na maradhi: yeye alikuwa akinyunyiza dawa, na tangu lini dawa ikamdhuru mtu?

Hapo ndipo neno lilipomponza, na huenda limetuponza sote. Katika Kiswahili chetu, kinachomtibu mtoto homa ni dawa, na kinachoua viwavi shambani ni dawa vilevile. Neno moja linaponya na kuua, na sikio likizoea halitofautishi tena. Chupa iliyochorwa fuvu la kichwa na mifupa huwekwa rafu moja na chumvi, kwa sababu ndani yake mna "dawa".

Makala hii inaeleza jinsi elimu ya afya inavyoweza kuuliza swali ambalo hakuna aliyemwuliza jamaa yetu, na kulijibu kwa namba: ni kiasi gani cha sumu kimemwingia mtu?

Mwili kama shahidi

Njia hiyo huitwa upimaji wa viashiria vya kibayolojia. Kiashiria cha kibayolojia ni kitu kinachoweza kupimwa katika damu, mkojo, nywele, jino au maziwa ya mama, kikatuonyesha kwamba kemikali fulani imeingia mwilini, au kwamba imekwisha kuanza kuleta madhara.

Tofauti yake na vipimo vingine ni hii. Anayepima hewa, maji au udongo hupata habari za sumu iliyoko nje ya mtu. Hajui ni kiasi gani kilichopenya ngozi, kilichovutwa na mapafu, wala kilichomezwa pamoja na ugali ulioliwa kwa mkono usiooshwa. Watu wawili huweza kunyunyiza shamba moja kwa siku moja. Mmoja amevaa glavu na kumpa upepo mgongo, mwingine yuko mikono mitupu na bomba lake linavuja hadi shati limelowa. Shamba ni moja, lakini waliyoyabeba miilini mwao si sawa.

Msomaji asidhani jambo hili ni geni kwake. Sote tumepimwa malaria. Mpimaji haendi kuhesabu mbu chumbani mwa mgonjwa. Huchukua tone la damu kidoleni, kwa sababu mbu mia wasiouma hawana neno, na mmoja aliyeuma anatosha. Mwendo wa viashiria vya kemikali ni huo huo.

Wataalamu huvigawa viashiria hivi mafungu matatu. Fungu la kwanza huonyesha sumu yenyewe au mabaki yake, kama vile madini ya risasi katika damu au masalio ya dawa za wadudu katika mkojo. La pili huonyesha badiliko ambalo sumu imelileta mwilini, hata kabla mtu hajajiona mgonjwa. La tatu huonyesha maumbile ambayo humfanya mtu mmoja adhurike upesi kuliko mwenzake kwa kiasi kile kile cha sumu.

Wundanyi ilipopimwa

Wengi wetu hatujui kwamba mmoja kati ya uchunguzi mkubwa wa aina hii katika nchi yetu ulifika hapa hapa Taita. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kenya na Uholanzi, wakiongozwa na Grace Ohayo-Mitoko, waliwapima wafanyakazi wa mashambani katika sehemu nne za Kenya: wakulima wa maua wa Naivasha, wa pamba wa Homa Bay, wa tumbaku wa Migori, na wa mboga wa Wundanyi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997.

Waliopimwa walikuwa 666. Kati yao 390 walikuwa wakikutana na dawa za wadudu katika kazi zao, na 276 hawakuwa wakikutana nazo. Hao wa pili waliwekwa ili pawe na wa kulinganishwa nao. Kilichopimwa ni kimeng'enya kimoja kilichomo katika chembe nyekundu za damu, kiitwacho asetilikolinestiresi. Jina ni refu, lakini kazi yake tutaieleza sasa hivi.

Kwa wale wasiokutana na dawa, kimeng'enya kilipungua kwa wastani wa asilimia 4 tu. Kwa wale waliokutana nazo, kilipungua kwa wastani wa asilimia 33. Naivasha ilikuwa asilimia 36, Homa Bay 35, Wundanyi 33, na Migori 26. Katika wale 390, watu 115 walikuwa wamebaki na chini ya asilimia 60 ya kiwango chao cha kawaida. Hao ni karibu watatu katika kila kumi. Katika wale wasiokutana na dawa, hakupatikana hata mmoja aliyeshuka kiasi hicho.

Tuzisome namba hizo kwa utulivu. Mkulima wa mboga wa Wundanyi, mwenye shamba la ngazi kwenye mteremko wa mlima, alikuwa amepoteza thuluthi ya kimeng'enya hicho kama mfanyakazi wa mashamba makubwa ya maua. Wengi wao bila shaka walikuwa wakiamka asubuhi, wakaswali au wakaomba, wakaenda kazini, na jioni wakasema wamechoka tu.

Sumu inafanya nini?

Mishipa ya fahamu huwasiliana na misuli na tezi kwa kutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya tulichokitaja huivunja kemikali hiyo mara moja, ili msuli ulegee na kungoja amri nyingine. Ni kama mtu anayefunga bomba la maji kila ndoo ikijaa.

Dawa nyingi za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabameti hukishika kimeng'enya hicho kisifanye kazi. Mdudu hufa kwa sababu amri za mishipa yake hazikomi. Nasi binadamu tuna mishipa inayofanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Bomba likikosa wa kulifunga, maji hufurika: mate, jasho na machozi hutoka kwa wingi, mboni za macho husinyaa, tumbo husokota, misuli huchezacheza, na sumu ikizidi, pumzi hukata. Wauguzi wakiitambua mapema wana dawa ya kuipinga, atropini. Wasipoitambua, mgonjwa hupewa vidonge vya malaria.

Dalili hizo hazitokei zote kwa mara moja. Kimeng'enya kinaweza kupungua kidogo kidogo kwa majuma, na mtu asihisi zaidi ya kichwa kuuma na uchovu. Ndipo thamani ya kipimo cha damu inapoonekana, kwani huona upungufu kabla mtu hajaanguka. Dalili ya mvua ni mawingu, na kipimo hiki huyaona mawingu yakiwa bado mbali.

Kipimo kinahitaji mwanzo

Hata hivyo kipimo hiki kina sharti lake, na asiyelijua anaweza kupotoshwa. Watu hawalingani. Mmoja huzaliwa na kimeng'enya kingi, mwingine kichache, na wote ni wazima. Kwa hiyo mtu akipimwa mara moja tu, namba yake inaweza kuonekana njema ilhali yeye amekwisha kupoteza thuluthi ya alichokuwa nacho. Dawa ya tatizo hilo ni kumpima mfanyakazi kabla msimu wa kunyunyiza haujaanza, kisha kumpima tena wakati wa kazi. Hulinganishwa na nafsi yake, wala halinganishwi na jirani.

Katika jimbo la California nchini Marekani, utaratibu huo umewekwa kisheria tangu mwaka 1974 kwa wafanyakazi wanaoshika sana dawa za jamii hizi. Kimeng'enya cha mfanyakazi kikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake cha mwanzo, mwajiri hutakiwa kuchunguza jinsi kazi inavyofanywa. Kile cha chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 au chini yake, mfanyakazi huondolewa katika kazi ya dawa hadi damu yake irudi hali njema.

Jambo la pili ni muda. Kila kiashiria kina kumbukumbu yake. Dawa za kabameti hukiachia kimeng'enya baada ya saa chache, hivyo anayepimwa kesho yake huenda asionekane na kitu. Oganofosfeti hukishika kwa nguvu, na mara nyingi mwili hulazimika kungoja chembe mpya za damu, nazo chembe nyekundu huishi kama siku 120. Baada ya hapo, ushahidi wa damu umekwisha, hata kama madhara yangalipo.

Mifano miwili ya jirani

Elimu hii haikomei kwenye mboga. Pwani yetu ina mifano miwili ambayo kila familia inapaswa kuijua.

Wa kwanza ni wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ubavuni mwa nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi huko, alimwona mwanawe mchanga akiugua bila kupona, hadi kipimo cha damu kilipoonyesha madini ya risasi. Damu za watoto wa majirani zilipopimwa, nazo zikakutwa na risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 mahakama iliyo juu ya zote nchini ikairejesha. Moshi ulipeperuka zamani, lakini zile karatasi za vipimo vya damu zilibaki zikisema. Risasi hukaa katika damu kwa muda wa mwezi hivi, kisha hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Wa pili ni wa mahindi. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu. Makueni inapakana nasi; ukipanda basi la Nairobi utaifikia mara tu ukishaiacha Tsavo. Wachunguzi walipima mahindi, na wakapima pia damu, kwa sababu aflatoksini hujigandisha kwenye protini ya damu iitwayo albumini na kuacha alama kwa majuma kadhaa. Wagonjwa walikutwa na alama nyingi kuliko majirani zao waliokuwa wazima.

Baadaye, damu zilizokusanywa nchini mwaka 2007 kwa ajili ya uchunguzi wa ukimwi zilipimwa alama hiyo hiyo. Karibu watu 600 walihusika, na asilimia 78 walikutwa nayo. Mkoa wa Mashariki ulikuwa wa kwanza kwa wingi wa sumu. Wa pili ulikuwa Mkoa wa Pwani, ambao Taita Taveta ilikuwa sehemu yake. Hawa hawakuwa wagonjwa wa mlipuko. Walikuwa watu wa kawaida, wenye ugali wa kawaida mezani.

Tufanye nini?

Mwili ni amana, na amana hulindwa kwa vitendo. Tunayo machache ya kuwasihi wasomaji wetu.

Anayenyunyiza asivae nguo hizo nyumbani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa maneno yao yana maana kama yalivyotamkwa: dawa iliyolowa katika shati huendelea kupenya ngozi hadi shati livuliwe. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto, na anayezifua avae glavu. Mara nyingi huyo ni mama au dada, ambaye hakuwahi kushika bomba wala hakuwahi kulipwa hata senti ya kibarua hicho.

Chupa na madumu ya dawa yasitiwe maji, mafuta wala maziwa, hata yakioshwa mara kumi. Mkulima asome kibandiko na kungoja siku zilizoandikwa kati ya kunyunyiza na kuvuna. Nasi wa mjini tuoshe mboga kwa maji yanayotiririka. Hayaondoi kila kitu, lakini hupunguza. Mahindi yakaushwe barabara, yasianikwe juu ya udongo mtupu, na yenye ukungu yasisagwe kwa kuhurumia hasara.

Mwenye kwenda hospitali ataje kazi yake kabla hajaulizwa. Aseme: "Mimi hunyunyiza dawa za wadudu, na mara ya mwisho ilikuwa siku fulani, dawa jina lake hili." Sentensi hiyo moja inaweza kumwelekeza mganga kwenye kipimo na tiba inayofaa.

Waajiri wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka kuwapatia wafanyakazi mavazi ya kujikinga. Na kwa viongozi wa kaunti yetu tuna ombi moja lililo wazi: vibarua wa bomba wa Wundanyi na Taveta wapimwe kimeng'enya kabla ya msimu na katikati ya msimu. Wenzetu waliotoa damu zao miaka ya 1990 waliithibitishia dunia kwamba hatari ipo. Si haki wajukuu wao waendelee kunyunyiza bila kujua namba zao.

Jamaa yetu tuliyemtaja aliacha kibarua kile, na maumivu ya kichwa yakamwacha baada ya miezi kadhaa, alhamdulillah. Tulipomsomea rasimu ya makala hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi mimi niliingiwa na kiasi gani?"

Hatukuweza kumjibu. Damu iliyokuwa na jibu ilikwisha kufa na kuzaliwa upya mara nyingi tangu siku zile, na hakuna aliyeichukua hata tone ilipokuwa bado inajua. Tungependa mdogo wake, ambaye msimu ujao ataanza kazi ile ile, akiuliza swali hilo apate jibu.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya na rizki ya halali isiyo na madhara. Wabillahi tawfiq.